Gunia la Vassanji na Wahakiki wa Mbali

Riwaya ya kwanza ya M. G. Vassanji, The Gunny Sack, yaani gunia, ilipotoka mwaka 1989 ilipokewa kwa shangwe ugenini. Mwaka 1990 ilipata Tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika, na wahakiki wakaharakisha kuilinganisha na kazi za Salman Rushdie. Heshima hiyo hatuibezi. Twasema tu kwamba haikutosha.

Habari yenyewe yatuhusu sana sisi wa visiwani. Dhanji Govindji atoka Bara Hindi, apitia Unguja, kisha ahamia Matamu, mji wa kubuni katika pwani ya Tanganyika. Huko apewa mtumwa, Bibi Taratibu, na azaa naye mtoto, Husein. Baadaye aoa mke wa Kihindi, na mama yule awekwa kando. Husein atokomea bara; baba amaliza fedha zake, na hata za jamaa zake alizowekeshwa amana, akimtafuta.

Mhakiki wa London aweza kumpita Bibi Taratibu kwa sentensi moja. Msomaji wa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, hawezi. Atauliza mbona sauti ya mwanamke yule haisikiki, na kama kimya kile mwandishi alikikusudia au kilimponyoka. Sisi twaona alikikusudia. Wengine watapinga, na mabishano hayo ndiyo tuliyoyakosa. (Kasoro nyingine ipo wazi: majina ni mengi hata msomaji hupotea katika ukoo.)

Tumeyakosa kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza na kikahukumiwa kwa Kiingereza. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Miaka 28! Je, kila mwandishi wetu angoje kwanza kuitwa Stockholm?

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa elimu na utamaduni watenge fungu la kufasiri riwaya za namna hii, na nakala zifike katika maktaba na skuli za Unguja na Pemba. Hazihitajiki nyingi kwa kuanzia. Watu na wapate kuzungumza barazani juu ya Bibi Taratibu, na wajukuu wa akina Dhanji wawemo.