Umri usimfungie mwalimu wa hisabati mlango wa chuo kikuu

MWALIMU wa hisabati mwenye umri wa miaka 46 akisema anaomba nafasi ya shahada ya uzamili, watu wa Bwera humuuliza: “Ya nini tena, mwalimu?” Nimeulizwa hivyo katika soko la Mpondwe, katika chumba cha walimu na hata nyumbani kwangu.

Jibu langu ni hesabu. Mtumishi wa umma nchini Uganda hustaafu akiwa na miaka 60. Nikisoma miaka miwili, nitabakiwa na 12 darasani. Kidato cha tano na cha sita huchukua miaka miwili, kwa hiyo hayo ni makundi sita ya vijana watakaofundishwa na mtu anayeijua hisabati kwa kina zaidi.

Wala sifuati mshahara. Mwaka 2022 serikali ilipandisha malipo ya walimu wa sayansi wenye shahada, hisabati ikiwemo, hadi Sh4 milioni za Uganda kwa mwezi. Shahada ya kwanza ilitosha.

Kinachotukwamisha ni fomu. Chuo kimoja nilikoomba kilitaka barua mbili za wahadhiri walionifundisha. Nilihitimu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mmoja amefariki, mwingine amestaafu na hanikumbuki. Barua ya mkuu wa shule, aliyeniona nikifundisha kalkulasi kwa miaka mingi, haikukubaliwa.

Ni kweli kwamba maarifa hushika kutu. Sekondari tunafundisha kukokotoa. Uzamili hudai kuthibitisha. Nilipofungua tena kitabu changu cha chuo, ukurasa mmoja ulinichukua jioni tatu. Basi vyuo vitupe mtihani wa kuingilia, na kozi fupi ya maandalizi wakati wa likizo. Anayeshindwa ashindwe kwa hisabati, si kwa tarehe ya kuzaliwa. Yitang Zhang alikuwa amepita miaka 55 alipotangaza, mwaka 2013, uthibitisho wake maarufu kuhusu namba tasa.

Umbali nao ufikiriwe. Kampala iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese. Vyuo vikuu vya umma vya Mbarara na Fort Portal viko karibu zaidi. Vikifundisha uzamili wakati shule zimefungwa, mwalimu hatalazimika kuacha darasa lake ili asome.

Suala hili si la Uganda pekee. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ng'ambo ya mpaka, Kasindi na Beni, wako walimu tunaoelewana nao kwa lugha ya mama, ila wao wamesoma kwa Kifaransa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataka nchi wanachama zitambuane vyeti. Mwaka 2017 marais wetu walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Samaki na vitenge huvuka Mpondwe kila siku ya soko. Kwa nini cheti cha mwalimu kikwame?

Naviomba vyuo vya ukanda huu vifanye mambo matatu: vikubali barua ya mkuu wa shule, vitupime kwa mtihani, na vifundishe wakati wa likizo. Nami fomu yangu nitaijaza tena mwaka huu.