Kolwezi: wanahesabu matofali, hawahesabu mahali

Kule New York, mu kartie ya SoHo, viwanda vilihama, depo zikabaki tupu. Wasanii wakaingia, wakapanga kwa bei ndogo. Mu 1982 ikatoka sheria ya kuwalinda wale wenye kukaa ndani ya depo. Leo ni matajiri ndio wanakaa mule.

Kwetu Kolwezi ni kinyume: nyumba ndiyo inageuka mgodi. Kasulo, mu 2014, mtu mumoja alichimba ndani ya lupango yake akakuta kobalti. Kisha mashimo yakafika mpaka ndani ya vyumba vya kulala. Mu 2017 Congo Dongfang ikapewa sehemu ya Kasulo, ukuta ukasimama, familia zikahama.

Sasa ni Cité Gécamines, yenye watu karibu 39.000. COMMUS ilifungua tena mgodi mu 2015, na nyumba zimekuwa zikivunjwa. Amnesty International iliandika mu 2023 kwamba falanga waliyopewa wengi haikutosha kununua nyumba ya namna ile mjini. Wakaenda pembeni, kusiko na maji ya bomba.

Shida iko hapa: kwa sheria, madini ya chini ni ya Serikali, karatasi ya lupango inalinda juu tu. Ndiyo maana wanalipa ukuta na bati. Kukaa karibu na kazi, soko na masomo ya watoto, nani analipa? Na mpangaji, yeye anapata nini? Baba, mama, mbele ya kutia sahihi, ulizeni kwanza nyumba, falanga baadaye.