Tembeeni Nyeri na Wazee Wenu

Desemba ikifika, barabara ya kutoka Nairobi kupitia Kenol, Sagana na Karatina hufurika magari. Watu wa Nyeri wanarudi kwao. Mbuzi atachinjwa, jamaa watakula, na kabla wiki haijaisha watoto wataanza kulalamika kwamba hapa hakuna pa kwenda. Basi wazazi huwapakia garini wakapigwe picha Nanyuki kwenye kibao cha ikweta, na shosho, nyanya yao, huachwa nyumbani alinde kuku. Ndugu zangu, nawasihi tuiache desturi hiyo.

Nyeri si mji wa kupita tu. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati hadi kaunti zilipoanza mwaka 2013, na mambo mazito ya nchi hii yalitendeka hapa. Pale Ruring'u pana jumba la makumbusho ambalo zamani lilikuwa mahakama ya Waafrika, na katika uwanja wa Ruring'u wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni Desemba 1963 waliweka silaha chini. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa Kahigaini tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Mjini Nyeri humo humo, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti aliyekwenda nyumbani. Skauti kutoka nchi za mbali hufunga safari kulizuru, na wanafanya vema. Lakini mtoto wa Tetu anayelijua kaburi hilo na hajawahi kufikishwa Kahigaini amekosewa, na waliomkosea ni wazazi wake. Vivyo hivyo, wengi wamesikia kwamba Elizabeth wa Uingereza alikuwa katika hoteli ya Treetops Februari 1952 baba yake, mfalme, alipofariki. Ni wangapi wameambiwa kwamba wapiganaji waliichoma hoteli hiyo mwaka 1954?

Hata hivyo makumbusho hayasemi yote. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakikuyu zaidi ya milioni moja katika mashamba yao, ikawafungia katika vijiji vilivyozungukwa na mitaro na kulindwa kwa bunduki. Wanawake walichimbishwa handaki kando ya msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati huo sasa anakaribia themanini au ameshaipita. Huyo ndiye shosho mnayemwacha na kuku.

Niliwahi kutembea na mama mkongwe wa Tetu, jamaa yangu, pamoja na wajukuu zake. Ndani ya makumbusho alitazama picha kwa adabu, hakusema neno. Tulipokuwa tukirudi aliomba gari lisimame kando ya shamba la chai. Akanyoosha mkongojo: hapa palikuwa lango, pale tulipangwa mstari asubuhi, kule mama alipitisha viazi vitamu chini ya mzigo wa majani ya mbuzi. Vijana waliokuwa wameinamia simu walishuka wakamfuata hadi mwisho wa shamba, wakiuliza swali juu ya swali. Hakuna mwongozaji wa watalii ambaye angeweza kazi hiyo.

Ila nendeni kwa upole. Nyumba moja iliweza kumtoa mwana mmoja akaenda msituni na mwingine akawa kamatimu, mlinzi wa serikali. Wengine walitoka vizuizini wakakuta mashamba yao yana wenyewe wapya, na pengine wenyewe hao ni majirani hadi leo. Ndiyo sababu wazee wengi wamenyamaza. Msiwahoji kama polisi. Ulizeni maji yalitoka wapi, watoto walicheza nini, nani alipika. Mzee akinyamaza, nyamazeni naye; huenda akaendelea kesho akimenya viazi.

Mwalikeni na rafiki, awe wa Kisumu au wa Mombasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: yeye atauliza lile ambalo mjukuu anaona haya kuliuliza, na mzee atamjibu kwa heshima ya mgeni.

Atakayesema hana pesa, ajue kwamba kwenda na kurudi Nanyuki kunakula mafuta mengi kuliko mzunguko huu wote. Ruring'u si mbali na mjini. Kaburi la skauti mnaweza kuliendea kwa miguu, na mkichoka mnapumzika katika Bustani ya Whispers, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya mwandishi Wahome Mutahi. Mlima Kenya wenyewe, mkiamka mapema kabla ya mawingu, unatazamwa bure.

Ombi langu la mwisho ni kwa yule mwenye mwandiko mzuri katika familia. Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, andika majina ya mahali na ya watu kama mzee alivyoyataja, maana vijiji vingi vya wakati ule havina hata kibao. Andika nakala mbili: moja ibaki nyumbani, ya pili, mzee akiridhia, ipelekwe makumbusho ya Ruring'u.