Usitupe Mbachao: Gari la Chini ya Mwembe Lirudi Barabarani

Ukitoka mjini Arua kuelekea Koboko, ukifika kwetu Manibe, punguza mwendo kidogo uangalie nyua za watu. Barabara ni ya lami, ile inayotoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na pikipiki zinakupita kama nyuki. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au kando ya ghala, utaona gari lililosimama miaka kumi au zaidi. Tairi zimeisha upepo, kioo kimoja kimevunjwa na mpira wa watoto, majani yameota mpaka mlangoni. Mwulize mwenyeji, atakwambia, "Hilo limekufa."

Makala haya yanabishana na neno hilo. Ninadai kwamba mengi ya magari hayo hayakufa, tumeyaacha. Tumeyaacha kwa sababu tunaona aibu kuonekana ndani ya kitu cha zamani, na kwa sababu kukopa ili kununua kunaonekana kama maendeleo, lakini kutengeneza kunaonekana kama umaskini.

Nazungumza kwa ushahidi. Babu yangu alikuwa na Toyota Corolla DX, ile ndefu yenye mlango wa nyuma wa kupakia mizigo, toleo la mwaka 1984. Aliinunua ikiwa imetumika, kwa fedha za tumbaku. Mwaka 2009 gari lilichemka njiani kutoka Koboko. Likavutwa hadi nyumbani, na babu akasema atalitengeneza baada ya mavuno. Mavuno yakaja yakapita. Mwaka 2012 babu akafariki, na gari likabaki pale pale. Kuku wakafanya kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alikuja mnunuzi wa chuma chakavu na lori lake. Akatoa shilingi 600,000 kwa gari zima. Wakati huo nilikuwa nadaiwa karo ya muhula, na kikao cha ukoo kilikuwa karibu kukubali. Mimi ndiye niliyepinga, ingawa karo iliyokuwa ikitafutwa ni yangu. Baba mdogo akaniuliza mbele ya wote, "Wewe unasoma Kiswahili. Utatengeneza gari kwa methali?" Watu wakacheka. Nikamjibu kwa methali kweli: usitupe mbachao kwa msala upitao. Wakacheka zaidi. Karo nililipa kidogo kidogo, na muhula ule wote nilikaa darasani bila kujua kama nitaruhusiwa kufanya mtihani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba natetea magari ya zamani kwa sababu sijui shida.

Hoja ya kwanza niliyoambiwa ni kwamba spea hazipatikani. Hii ni hoja ya mtu asiyekwenda kuuliza. Corolla ile ina injini ya 4K, ya sentimita za ujazo 1,290, yenye kabureta. Jamii hiyo ya injini za K ilianza kutengenezwa miaka ya 1960 na ikaendelea kwa miongo kadhaa. Ndugu yake, 5K, ilifungwa kwenye vibasi vidogo vya LiteAce vilivyojaa Afrika Mashariki, na vitu vingi vya injini hizi mbili vinaingiliana. Gasketi, plagi, pointi, pampu ya petroli, vyote tulivipata. Vingine vilikuwa Arua, vingine viliagizwa Kampala vikaja na basi la usiku. Kitu kimoja tu, mpira wa kioo cha mbele, ndicho tulichokosa, na fundi akatumia wa gari jingine kwa kuukata.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba gari lililolala miaka 14 haliwezi kuamka. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba magari mengi huuawa siku ya kufufuliwa. Mtu analeta betri, anawasha kwa pupa, na pistoni zilizoshikana na kutu zinakwaruza silinda. Fundi wetu alikataa hata kuona betri kwa wiki mbili. Alifungua plagi, akamimina mafuta kidogo katika kila silinda, akaacha. Kisha akaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, robo kwa robo, mpaka ikaenda bila kukwama. Tangi lilishushwa, petroli ya zamani iliyonuka kama rangi ikamwagwa, na kutu ikasafishwa. Kabureta ilifunguliwa yote. Kichwa cha injini, ambacho ni cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, kilikuwa kimepinda kwa ule moto wa 2009, kikapelekwa kusawazishwa kwa mashine. Kumbe ugonjwa wote wa gari hili tangu mwanzo ulikuwa huo: gasketi ya kichwa iliyoungua na rejeta iliyoziba. Kwa ajili hiyo lilikaa miaka 14.

Breki zilitengenezwa kabla injini haijawashwa. Silinda zake zote zilikuwa zimeganda, na mipira yake imekauka. Nilimwomba fundi tuanze na injini ili baba mdogo asikie mlio. Akanijibu kwamba gari lisilowaka halimuui mtu, ila gari lisilosimama linaua. Nikanyamaza.

Gharama zote, spea shilingi 1,820,000 na ufundi shilingi 500,000, zilifika shilingi 2,320,000. Tulizilipa kwa miezi minane, kwa mihogo, kwa mbuzi wanne, na kwa kazi ya kufundisha niliyofanya wakati wa likizo. Sikudaiwa na mtu.

Sasa linganisha. Binamu yangu alichukua pikipiki ya mkopo ili afanye boda boda. Alilipa kila wiki, mvua na jua, mpaka malipo yake yakapita shilingi milioni 6. Alipougua malaria akakosa wiki tatu, waliomkopesha wakaja kuichukua. Alikuwa amebakiza wiki tisa. Leo hana pikipiki wala fedha, na hakuna mtu katika ukoo aliyemcheka, kwa sababu pikipiki ile ilikuwa mpya na ilipendeza. Mimi ndiye niliyechekwa.

Na hao wanaojivunia magari "mapya" wanajivunia nini hasa? Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya ina kikomo cha miaka 8. Maana yake ni kwamba Premio inayoshushwa leo Kampala kwa mamilioni mengi inaweza kuwa na miaka 13 au 14, imekwisha kutumiwa na kuachwa na Mjapani. Tofauti yake na gari la babu ni kwamba ya kwao ilizeeka mbali na macho yetu. Tena gari hilo likisumbua, mara nyingi fundi wa Manibe hana la kufanya bila kompyuta ya kusoma makosa. La babu linasomwa kwa sikio. Kabureta ikiziba, unaifungua kando ya barabara kwa bisibisi.

Nitasikiliza wapinzani, kwa sababu si wote wanaosema upuuzi. Wapo wanaosema magari ya zamani yanachafua hewa. Ni kweli kwamba injini ya kabureta isiyo na kichujio cha moshi inatoa uchafu mwingi kwa kila kilomita kuliko injini ya kisasa iliyo nzima, na sitadanganya kuhusu hilo. Lakini ule moshi mweusi na wa buluu tunaoumeza nyuma ya malori na teksi unatokana zaidi na injini zisizotunzwa, ziwe za umri wowote. Ringi zimelika, mafuta hayabadilishwi, kichujio cha hewa hakijaguswa tangu mwaka juzi. Anayetaka hewa safi adai ukaguzi wa kweli kwa magari yote, si kejeli kwa gari moja. Pia akumbuke kwamba chuma kilichokwisha kufinyangwa mwaka 1984 hakihitaji kuyeyushwa tena ili mama yangu afike sokoni.

Wapo wanaosema gari la zamani si salama. Nao nawakubalia nusu. Gari letu halina mifuko ya hewa. Kwa hiyo tulifunga mikanda mipya mbele, tukanunua tairi zenye meno, na hatuliendeshi kwa kasi ya kushindana na mabasi. Lakini naomba anayetoa hoja hii aniambie usalama wa mama na gunia la mihogo na mtoto juu ya pikipiki moja ni upi. Huo ndio usafiri ambao gari hili limeuondoa kwetu. Hakuna anayelinganisha na gari jipya la Ulaya, kwa sababu gari hilo haliji Manibe.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wapinzani hawakukitaja, nacho ni kikubwa kuliko kutu. Kadi ya gari ilikuwa kwa jina la marehemu. Ili liwe halali barabarani ilibidi kupata kwanza barua za usimamizi wa mirathi, na barua hizo zinahitaji ukoo ukubaliane. Baba zangu wadogo watatu walikuwa hawajakubaliana kuhusu jambo lolote tangu mazishi. Hakuna aliyetaka gari, lakini hakuna aliyetaka mwingine alipate. Nilikwenda ofisini mara sita, na mara mbili niliambiwa faili halionekani. Bibi ndiye aliyemaliza. Aliwaita wote, akawaambia, "Mume wangu alilima tumbaku kwa mikono yake. Mkitaka lioze, nizikeni mimi ndani yake." Wakaweka sahihi siku hiyo. Tangu hapo, nikiona gari chini ya mwembe, siulizi lina ugonjwa gani. Nauliza ukoo una ugomvi gani.

Naomba sasa niseme na wanafunzi wenzangu na walimu wangu wa Kiswahili. Fundi aliyelifufua gari hili hakusoma zaidi ya darasa la tano. Familia yake ilikimbilia Zaire baada ya vita vya 1979 na 1980, kama watu wengi wa West Nile, na kazi yake aliijifunza huko Aru akiwa kijana, kwa Kingwana. Mpaka leo huliita gari motokari. Gereji yake ina vijana wa Kilugbara na wa Kikakwa, wateja kutoka Ariwara na kutoka Sudan Kusini, na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Hakuna aliyewalazimisha. Katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Gerejini kilikuwa kinafanya kazi miaka mingi kabla ya maamuzi hayo.

Lakini sisi tunaokisomea tungeingia pale tukiwa bubu. Mimi niliingia nikijua kuchambua ngeli za nomino, nikashindwa kuomba difu, bushi na beringi. Vijana wadogo kuliko mimi walinifundisha. Tunaandika tasnifu juu ya ukosefu wa istilahi za ufundi katika Kiswahili, na istilahi zimelala kwenye sakafu yenye oili, umbali wa dakika ishirini kutoka darasani. Kama hatuzikusanyi, ni kwa sababu ile ile inayotufanya tuache gari la babu: tumefundishwa kwamba chenye oili si cha msomi.

Gari lilianza kufanya kazi Septemba 2023. Mara mbili kwa wiki mama hupeleka mihogo na nyanya Arua. Limetukwamisha mara mbili, mara moja kwa kabureta na mara moja kwa pampu ya petroli, na mara zote mbili lilirudi nyumbani siku ile ile. Usiku mmoja wa Machi jirani yetu alishikwa na uchungu wa uzazi, boda boda zilikuwa zimelala na mvua inanyesha. Baba mdogo, yule aliyeuliza kuhusu methali, ndiye aliyekuja kugonga dirisha langu kuomba ufunguo. Alimfikisha hospitali salama, na mtoto alizaliwa salama. Hajaniambia neno lolote kuhusu jambo hilo, lakini siku hizi huliosha gari kila Jumapili bila kuombwa.

Sisemi kila gari bovu litengenezwe. Lipo lililooza chesisi, na hilo liende kwa mwenye mizani. Ninachosema ni kwamba kabla hatujamwita mwenye mizani, tumwite fundi. Kabla hatujasaini mkopo, tufungue boneti. Na wewe mwenzangu ambaye nyumbani kwenu liko moja chini ya mwembe, likizo ikifika usiulize litauzwa shilingi ngapi. Uliza liliugua nini, na kadi yake ni ya nani. Kisha mimina mafuta kidogo kwenye silinda, na usiharakishe betri.