Zichemsheni kwanza

Mbavu za ng'ombe wetu wa kienyeji, aliyetembea malishoni miaka mingi, haziivi vizuri kwa hewa ya moto ya kikaangio cha hewa pekee. Nje zitakauka, ndani ugumu uleule. Zichemsheni kwanza kwa moto mdogo pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Zikausheni maji, zipakeni ndimu, pilipili manga na mafuta kidogo, kisha zipangeni bila kubanana kwenye kikaangio cha hewa, nyuzi 200, dakika 10 hadi 12, mkizigeuza katikati. Sosi yenye asali au sukari ipakwe dakika za mwisho, maana huungua upesi. Na maji ya kuchemshia msiyamwage jamani, hiyo ni supu tosha!