Samaki mgeni akiisha kuingia Kivu, nani atamtoa?

Huko Marekani, katika milima ya Sierra Nevada jimboni California, kuna watu wanaolipwa kwa kutoa samaki ziwani na kuwamaliza kabisa. Mama anayeuza sambaza Goma ao Bukavu atacheka. Lakini wana sababu.

Maziwa mengi ya juu kule hayakuwa na samaki hata mmoja. Tangu karne ya 19 watu walipandisha truti, samaki wa maji baridi, wakiwabeba kwa nyumbu. Baadaye ndege zikawamwaga kutoka angani, ili watu wa matembezi wapate kitu cha kuvua. Truti wakala viluwiluwi. Na kiluwiluwi cha chura wa milima hiyo kinachukua hata miaka miwili, mitatu ao minne kuwa chura, basi kinahitaji maji ya kina yasiyokauka wala kuganda mpaka chini. Ndiyo maziwa yaleyale walimojaa truti. Mwaka 2014 serikali ya Marekani iliandika chura huyo kati ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Tangu 2001 wafanyakazi wa hifadhi za Sequoia na Kings Canyon wanavua truti kwa nyavu na umeme, ziwa moja baada ya lingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba samaki wakiisha kuondolewa, vyura wanarudi kwa haraka. Ugonjwa wa kuvu ungali unawaua, hilo tusilifiche.

Sisi pia tunaishi kando ya ziwa la mlimani, kwenye mita zaidi ya 1.400. Na sambaza wetu ni mgeni: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kulisha watu. Alilisha, na anaendelea kulisha. Ila katika miaka ya 1980 watafiti waliona kwamba kidudu kimoja kikubwa kati ya vile vinavyoelea majini kilikuwa kimetoweka. Sambaza walikuwa wamekimaliza.

Hatuombi sambaza atolewe. Ingekuwa wazimu, na haiwezekani: viziwa vya California mtu anavizunguka kwa miguu, Kivu lina zaidi ya kilometa za mraba 2.000. Ndiyo maana tunaogopa mgeni mwingine. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana humu, bila wavuvi kuulizwa, na wataalamu wanahofia kwamba anagombania chakula na sambaza.

Kwa hiyo wenye mabwawa ya samaki karibu na mito inayoshuka ziwani wafunge vizuri njia za maji. Wakubwa wa uvuvi wakague kabla ya mvua, si kisha. Na mradi wowote unaotaka kumwaga samaki mpya Kivu uje kwanza mbele ya wavuvi, Kongo na Rwanda pamoja, ueleze samaki huyo atakula nini, na nani atalipa sambaza wakipungua.