Hazina haiwezi kuwa mbia wa kamari na mlinzi wa mchezaji

Mwaka 2017 Waziri wa Fedha wa Kenya, Henry Rotich, aliliomba Bunge lipandishe kodi ya mapato ya kampuni za kubeti kutoka asilimia 7.5 hadi 50. Wabunge walikataa. Rais Uhuru Kenyatta naye akakataa kutia saini mswada uliofyekwa kifungu hicho, na hatimaye pande zote zikakutana kwenye asilimia 35, iliyoanza kutozwa Januari 1, 2018. Mwaka huohuo sheria nyingine ya fedha ikaishusha hadi 15 na kurudisha makato ya asilimia 20 kwenye ushindi wa mchezaji. Mwaka 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau, mwaka 2020 ukafutwa, mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukafika 12.5, na Desemba 2024 ukawa 15. Kisha Julai 2025 ushuru ukaondolewa kwenye dau na kuhamishiwa kwenye pesa ambazo mchezaji anaingiza katika akaunti yake ya kubeti, asilimia 5 tu, huku asilimia 5 nyingine ikikatwa kwenye pesa anazozitoa badala ya yale makato ya ushindi. Ushuru unapopanda tunaambiwa ni kwa ajili ya kuwaokoa vijana. Unaposhuka tunaambiwa ni kwa ajili ya ajira, michezo na mapato ya serikali. Viwango vimekwenda na kurudi kwa miaka minane na kijana bado yuko palepale, simu mkononi, akitafuta mechi ya kubetia.

Kosa letu ni kwamba tumeipa kodi kazi ambayo si yake. Kodi inajua kukusanya. Haiwezi kumzuia mtu kucheza saa nane usiku kwa pesa alizokopa, wala kumuuliza mtoto umri wake, wala kupunguza kasi ya mchezo uliobuniwa ili mtu asipate nafasi ya kufikiri. Hizo ni kazi za kanuni, na kanuni ndizo tulizozichelewesha kwa muda mrefu mno: hadi Agosti 2025 sekta nzima ilikuwa bado inaongozwa na sheria ya 1966, iliyotungwa wakati kamari ilikuwa jambo la kasino chache, bahati nasibu na mbio za farasi. Baada yake ikaja M-Pesa mwaka 2007, zikaja simu za bei nafuu, na kuanzia 2014 kampuni za kubeti zikaingia mfukoni mwa kila mwenye laini. Utafiti wa GeoPoll wa 2017, uliowahoji vijana wa nchi sita za Afrika kwa simu, uliiweka Kenya mbele ya wengine wote: asilimia 76 ya waliojibu walisema wamewahi kucheza kamari. Mtu anaweza kubishana na namna vijana hao walivyopatikana, lakini hata tukiipunguza idadi hiyo kwa nusu, hili si jambo la kuachiwa mabadiliko ya kila Juni ya sheria ya fedha.

Tazama kwa makini utaratibu wa sasa, kwa sababu ndani yake ndimo kasoro inapoonekana wazi. Mtu akiingiza shilingi 1,000, serikali inachukua 50. Zinazobaki, 950, akiamua kuzitoa bila kubeti hata mara moja, inachukuliwa tena asilimia 5, na anaondoka na takriban shilingi 900. Akiamua kubaki, anaweza kuzizungusha pesa hizo usiku kucha bila kudaiwa ushuru zaidi. Kwa maneno mengine, anayeingia anatozwa, anayetoka anatozwa, na anayeendelea kucheza ndiye aliyeachwa kwa amani. Sasa mfikirie mtu aliyeshinda kidogo na anajiuliza aache au aendelee. Jambo moja la busara analoweza kufanya ni kutoa pesa zake. Hapo hasa ndipo sheria imeweka adhabu.

Tena utaratibu huu unaipendelea michezo ya kasi kuliko yote. Aliyebeti matokeo ya mechi ya Jumapili anasubiri dakika 90, anapata muda wa kupoa. Katika michezo kama Aviator, ambamo ndege inapaa na mchezaji anatakiwa kuchomoa pesa zake kabla haijatoweka, duru moja huisha kwa sekunde chache na nyingine kuanza papo hapo. Ushuru wa dau, pamoja na ubaya wake, uliigusa kila duru. Ushuru wa kuingiza pesa unamgusa mchezaji huyo mara moja tu, hata acheze duru hamsini. Sidai turudi kwenye asilimia 15 ya kila dau. Ulikuwa mzigo mkubwa, na kampuni zilikuwa na hoja ya kweli ziliposema unawafukuza wachezaji kwenda kwenye tovuti zisizo na leseni. Ninachodai ni kwamba waliouondoa waliangalia urahisi wa kukusanya na utiifu wa kampuni, na mwendo wa mchezo wenyewe, ambao ndio unaoumiza, ukabaki bila wa kuushughulikia.

Wapo watakaosema kwamba kodi kubwa imefanya kazi kwenye sigara, kwa nini isifanye kwenye kamari? Swali hili ni la haki. Mvutaji anapofika kibandani anaona bei, na bei ikipanda anapunguza au anaacha. Vijana wasio na pesa hawaanzi kabisa. Kamari haina bei ya namna hiyo. Bei yake halisi ni kile mchezaji anachopoteza kwa wastani, nayo imefichwa ndani ya viwango vya malipo ambavyo wachezaji wengi hawavipigii hesabu. Kampuni ikitozwa zaidi inaweza kuvipunguza viwango hivyo kidogo, na mchezaji hataona tofauti yoyote. Na aliyekwisha kunaswa, yule anayefukuzia alichopoteza jana, haamui kwa kuangalia makato ya asilimia tano au kumi na tano. Akili yake yote iko kwenye ushindi mmoja utakaorudisha vyote. Mtu huyo ndiye tunayesema tunataka kumsaidia, na ndiye ambaye kodi inamgusa mwishoni kabisa, baada ya kodi ya nyumba na karo ya watoto kwisha.

Hatari nyingine ni kwamba serikali inayozoea pesa hizi inapata sababu ya kutotaka zipungue. Uingereza ilionyesha jambo hili mchana kweupe. Katika maduka yao ya kubeti kulikuwa na mashine ambazo mtu aliweza kuwekea dau la hadi pauni 100 kila sekunde 20. Mei 2018 serikali iliamua dau hilo lishushwe hadi pauni 2, kisha ikatangaza kwamba utekelezaji ungengoja hadi Oktoba 2019. Waziri wa Michezo, Tracey Crouch, alijiuzulu kupinga ucheleweshaji huo, na tarehe ikarudishwa Aprili. Pengo la mapato lililofuata lilizibwa kwa kupandisha kodi ya kasino za mtandaoni hadi asilimia 21. Bajeti ya Novemba 2025 imeipandisha tena hadi 40, kuanzia Aprili 2026. Yaani kamari ilibanwa dukani, na Hazina ikaenda kutafuta fidia kwa kamari ya mtandaoni. Sioni kwa nini Hazina yetu, yenye madeni na njaa zaidi ya mapato, ingekuwa na moyo mgumu kuliko ya London. Rwanda nayo imepandisha kodi ya mapato ya kampuni hizi kutoka asilimia 13 hadi 40 mwaka 2025. Huenda ni uamuzi mzuri wa mapato, lakini mafanikio yake yasipimwe kwa makusanyo, maana makusanyo makubwa yanaweza kumaanisha tu kwamba watu wamepoteza zaidi.

Hoja nzito ya kampuni ni ajira na michezo, na historia inazipa nusu ya ukweli. Julai 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa iliileta klabu ya Everton ya Uingereza Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya, na Wayne Rooney akafunga mbele ya uwanja uliofurika. Miezi sita baadaye kodi ya asilimia 35 ilipoanza, kampuni hiyohiyo ilifuta udhamini wake wa ndani, ikiwemo ligi kuu, Gor Mahia na AFC Leopards. Klabu ziliumia, wachezaji waliumia, na hakuna mpenda soka anayepaswa kulipuuza hilo. Lakini tulipaswa kuuliza pia kwa nini soka ya nchi nzima ilikuwa imening'inia kwenye pesa ambazo sehemu yake kubwa ilitoka kwa mashabiki walioshindwa kwenye mikeka yao. Shabiki aliyepoteza shilingi 2,000 mtandaoni hanunui tiketi ya uwanjani wala jezi. Kuhusu ajira, leseni za kampuni 27 ziliposimamishwa mwaka 2019, SportPesa na Betin zikafunga shughuli na mamia ya watu wakapoteza kazi. Kubeti hakukukoma, maana wachezaji walihamia kwa kampuni zilizobaki. Nalo ni funzo kwa serikali: kumfukuza mwenye duka mmoja hakubadilishi kinachouzwa.

Wengine watasema mtu mzima ana haki ya kutumia pesa zake apendavyo. Nakubali, na ndiyo sababu siombi kamari ipigwe marufuku. Uhuru huo, hata hivyo, unahitaji mtu ajue anachokiingia na aweze kutoka. Mchezo unaotuma bonasi kwa mtu aliyekaa wiki mbili bila kucheza unaushambulia uamuzi wake wa kuacha. Simu inayotoa mkopo bila dhamana kwa dakika chache, kisha kwa kubonyeza mara kadhaa mkopo huo ukawa dau, imeondoa kizuizi ambacho zamani kilikuwepo bila kutungiwa sheria: kuishiwa. Aliyeishiwa alirudi nyumbani. Siku hizi anaendelea, na anaporudi nyumbani anarudi na deni.

Norway ilichukua njia tofauti. Mwaka 2007 iliondoa mashine zote za kamari zilizokuwa madukani na vituoni, ingawa sehemu ya mapato yake ilikuwa ikienda kwa mashirika ya misaada, Msalaba Mwekundu likiwemo. Zilizorudishwa baadaye, chini ya kampuni ya serikali, zilimtaka mchezaji atumie kadi yenye jina lake na ziliweka kikomo cha kupoteza kwa siku na kwa mwezi. Watafiti waliofuatilia waliona watu wamepunguza kucheza, na hawakuona michezo mingine ikizoa wachezaji wale. Norway ni nchi tajiri yenye watu wachache na kamari yake iko mikononi mwa dola, kwa hiyo si kila kitu kitafaa kwetu. Kinachofaa ni mantiki yake: wekea kikomo kinachopotezwa, kwa jina la mchezaji, na kikomo kiwe kimoja kwa michezo yote.

Tukiambiwa hilo haliwezekani Kenya, jibu liko kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Mamlaka hiyo tayari imeunganisha mifumo yake na ya kampuni za kubeti na inakusanya kodi kila siku. Dola inayoweza kuhesabu shilingi yake katika kila muamala usiku wa manane ina njia ya kuhesabu pia ni kiasi gani mchezaji mmoja amepoteza mwezi huu kwa kampuni zote, kwa kitambulisho chake, na kumfungia mlango anapofika kikomo. Njia ya kukusanyia tumeijenga haraka. Ya kulinda bado.

Sheria ya Kudhibiti Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025 imeunda mamlaka mpya ya kusimamia sekta hii. Miezi michache kabla yake, bodi ya zamani ilikuwa imesimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 na kutoa mwongozo unaowazuia watu mashuhuri kuipigia debe. Ni mwanzo mzuri, ila matangazo ni mlango wa kuingilia tu. Mamlaka hiyo inapaswa kuanza na kikomo cha lazima cha kupoteza kwa mwezi, kinachofuata kitambulisho na si akaunti, muda wa chini kati ya duru na duru, marufuku ya bonasi kwa aliyejiondoa, na ukuta kati ya mikopo ya simu na akaunti za kubeti. Bunge nalo lifute makato ya kutoa pesa, litoze kampuni kwenye pesa zinazobaki baada ya kuwalipa washindi, kodi ambayo tayari ipo kwa asilimia 15, na kiwango kitakachoamuliwa kisiguswe kwa angalau miaka mitano. Kikomo kikifanya kazi, makusanyo yatashuka. Hazina iandike hivyo mapema katika makadirio yake ya bajeti, ili mwaka yatakaposhuka asitokee waziri wa kuja Bungeni kuomba kikomo kilegezwe.